Jaribio la Arobaini na Moja

Kwenye kompyuta yangu, ghorofa ya pili, Mamboleo,
majaribio mia mbili na kumi na mawili
yalikuwa kijani kama miwa baada ya mvua ya Aprili.
Nikafunga kazi. Nikanunua chai ya tangawizi.
Nikamtumia Kageha programu, kule Kibos kwenye mizani
panapopimwa matrekta,
nikamwambia: endesha majaribio kwanza, kisha ulale salama.

Akanirudishia picha ya skrini.
Nyekundu, arobaini na moja.

Nikaandika ile sentensi ambayo kila fundi huiandika
na kila fundi huijutia: "Kwangu inafanya kazi."
Akajibu: "Basi nikuletee matrekta huko?"

Nikaenda. Vumbi la Kibos lina sukari, hunata kwenye ndevu.

Mfumo endeshi wake si wangu.
Mkwaju wangu huinamia mbele, kama mtu anayepanda Riat;
wake huegemea nyuma, kama anayeteremka.
Nami njia zote nilikuwa nimeziandika kwa mkono, mkwaju kwa mkwaju,
kama anayemwelekeza mgeni Busia
kwa majina ya maduka ya Kisumu.
Kwangu Miwa na miwa ni faili mbili;
kwake herufi kubwa ni kofia tu, mvaaji ni yule yule.
Na mwishoni mwa kila mstari
kompyuta yake hutia alama ya ziada, isiyoonekana,
mazoea ya taipureta: kurudi kushoto kwanza, ndipo kushuka.
Hata mistari hii unayoisoma huenda inayo.
Huwezi kujua.

Programu ilikuwa nzima. Majaribio ndiyo yaliyokuwa na ushamba:
yalizaliwa nyumba moja
yakadhani mlango wa kila nyumba hutazama ziwa.

Tukakaa. Yeye na mahindi ya kuchoma, mimi na kufuta.
Usiiambie mashine njia; iulize.
Usiipangie pa kuweka faili za muda; iulize huziweka wapi.
Linganisha maneno, achana na pumzi zilizo baina ya mistari.
Thelathini na tatu kufikia adhuhuri.
Arobaini kufikia saa kumi, trekta la mwisho likinguruma getini.

Siku za mwizi, nikasema, zimetimia.
Nilikuwa nimechoka. Kidole tayari kilikuwa juu ya neno "ruka",
lile ninalomwekea mtoto mtukutu:
ukiwa kwenye mfumo huu, pita, hatukuhesabu.

"Hilo moja linasema nini?" Kageha akauliza.

Linasema tani 14.62 zibaki 14.62.

Ile kompyuta ilikuja mtumba kutoka Ujerumani;
kwenye kibodi yake Z bado imekalia kiti cha Y.
Huko walikotoka nayo, nukta ya desimali ni mkato.
Programu yangu iliandika 14,62
kisha ilipoisoma tena ikafika kwenye mkato, ikatua,
kama mghani anayevuta pumzi pasipostahili,
na haikuendelea.
Kumi na nne.

Kilo mia sita na ishirini.
Palizi mbili za Turfosa Ong'ayo, mgongo wake, majembe ya kukodi,
zingepeperuka kwa kila trekta, na hakuna aliyeiba.
Ningekuwa nimeyapaka kijani
na kuondoka na mvuke wa chai usoni.

Nikaondoa kidole.

Siku hizi majaribio huamka usiku kwenye mashine tatu,
kila moja na desturi zake,
na mimi husoma nyekundu polepole, kama barua ya mtu nisiyemjua.

Kageha hajalitupa daftari lake la penseli.
Kila uzito bado huuandika humo, akiilamba ncha kwanza.
Nilimuuliza kwa nini, sasa programu ni nzima.
Akaligeuza ukurasa, bila kunitazama:
"Hili hufunguka popote."